Kukosekana kwa mfuko wa moyo tangu kuzaliwa: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu uchunguzi wake

Wengi wanaofika kwenye mada hii wamesukumwa na mstari mmoja wa ripoti ya CT au MRI, vipimo vya picha za ndani ya mwili: mfuko wa moyo upande wa kushoto hauonekani. Wengine ni ndugu wa mgonjwa, na wengine ni wahudumu wa afya waliokutana na hali hii kwa mara ya kwanza na pengine ya mwisho. Majibu haya yamewalenga wote, ingawa baadhi ya maswali yameingia ndani zaidi kwa ajili ya kundi la mwisho.

Mfuko wa moyo ni kitu gani, na mtu anaishije bila huo?

Ni utando unaouzunguka moyo pamoja na mashina ya mishipa mikubwa inayotoka juu yake. Tabaka la nje ni gumu na halinyumbuki sana. La ndani ni laini na linateleza. Katikati yake kuna majimaji kidogo, kwa kawaida mililita 15 hadi 50, yanayouwezesha moyo kudunda bila msuguano. Mfuko huo huushikilia moyo usiyumbe kifuani, huzuia vyumba vyake visivimbe ghafla, na huuweka mbali na maambukizi ya mapafu yaliyo jirani.

Kazi zote hizo zina faida, lakini hakuna hata moja inayobeba uhai peke yake. Ndiyo maana madaktari wa upasuaji wanaweza kuuondoa mfuko uliokakamaa na mgonjwa akapata nafuu. Aliyezaliwa bila mfuko moyo wake umezoea hivyo tangu mwanzo.

Inakuwaje mtu azaliwe bila mfuko?

Mimba ikiwa na wiki tano hivi, kuna makunjo mawili ya utando, moja kila upande, yanayokua kuelekea katikati ili kutenga chumba cha moyo na vyumba vya mapafu. Kila kunjo hutegemea damu ya vena (mshipa unaorudisha damu moyoni) iliyo karibu nalo, mfereji uitwao wa Cuvier. Mfereji wa kulia hubaki na kuwa sehemu ya vena kava ya juu. Wa kushoto hunyauka. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba ukinyauka mapema mno, kunjo la kushoto hukosa lishe na kuishia njiani, na pengo hubaki. Hii ndiyo sababu kasoro nyingi huwa upande wa kushoto.

Mzazi akiuliza kama kuna alichokula au alichofanya, jibu ni hapana. Mara nyingi sana hali hii hutokea yenyewe bila historia yoyote katika ukoo, ingawa familia chache zenye zaidi ya mtu mmoja zimeripotiwa.

Ni nadra kiasi gani?

Katika uchunguzi wa maiti hupatikana kwa chini ya mtu 1 kati ya 10,000. Upande wa kushoto huchukua takriban asilimia 70 ya kasoro hizi, wa kulia asilimia 17 hivi, na kukosekana kwa mfuko wote pande zote ni nadra kupita kiasi. Wanaume hugundulika zaidi kuliko wanawake, kama watatu kwa mmoja.

Takwimu hizo zichukuliwe kwa tahadhari kidogo. Mtu asiye na dalili hana sababu ya kupimwa, na asiyepimwa hahesabiwi.

Je, kukosa mfuko wote si hatari zaidi kuliko kukosa sehemu tu?

Hapa ndipo watu wengi huteleza, wakiwemo wahudumu wa afya. Hatari hufuata umbo la pengo, na mara nyingi pengo dogo au la kati ndilo baya.

Fikiria upande wote wa kushoto ukiwa wazi. Moyo husogea kushoto, huyumbayumba mtu anapogeuka, lakini hakuna ukingo wa kuubana. Sasa fikiria tundu lenye ukingo mgumu. Sehemu ya moyo inaweza kupenya hapo na kunaswa, kama utumbo unavyonaswa kwenye ngiri. Kinachopenya mara nyingi ni kisikio cha auriko ya kushoto, yaani kile kipande kidogo chenye umbo la sikio kinachoning'inia pembeni mwa auriko, chumba cha juu cha moyo. Kikinaswa hukosa damu, huuma, na huweza kuganda damu ndani yake. Tundu likiwa kubwa zaidi, ventrikali yenyewe, yaani chumba cha chini cha moyo, inaweza kuchungulia nje, na ukingo wa tundu ukaikandamiza ateri inayoulisha moyo. Matokeo yake ni maumivu yanayofanana kabisa na ya mshtuko wa moyo, kuzimia, na kwa nadra kifo cha ghafla.

Kwa hiyo ripoti inayosema "mfuko haupo upande wa kushoto" na kuishia hapo bado haijamaliza kazi yake. Swali la kumrudishia mtaalamu wa radiolojia ni hili: pengo linaanzia wapi, linaishia wapi, na je, kuna sehemu ya moyo iliyochomoza au iliyominywa ukingoni?

Dalili zake ni zipi?

Wengi hawana dalili yoyote. Walio nazo hulalamika maumivu ya kifua yanayochoma ghafla na kubadilika kulingana na mkao, moyo kwenda mbio, kuishiwa pumzi, kizunguzungu, mara chache kuzimia. Kidokezo ambacho mgonjwa mwenyewe huwa amekigundua zamani ni kwamba hawezi kulala kwa ubavu wa kushoto. Anahisi moyo unagonga mbavu, au unadondoka kuelekea godoroni. Akigeuka, inatulia.

Maumivu hayo kwa kawaida hayafuati juhudi. Mtu anaweza kupanda ngazi bila shida kisha akaumwa akiwa amejilaza. Daktari asiyeuliza kuhusu mkao hatalisikia hilo, na mgonjwa akiliona la kipuuzi hatalisema. Lisemwe.

Daktari naye akipapasa kifua anaweza kukuta pigo la ncha ya moyo limehamia mbali kushoto, hata chini ya kwapa, mahali ambapo kwa kawaida lingeashiria moyo uliotanuka. Ila moyo huu haujatanuka, umehama tu.

ECG (kipimo cha umeme wa moyo) pekee inaweza kutoa jibu?

Hapana. Inaweza kuzua shaka: mhimili wa umeme ulioelekea kulia, hitilafu ndogo kwenye tawi la kulia la njia ya umeme, mapigo ya taratibu, na mawimbi ya R (vilele virefu vya mchoro) yanayochelewa kukua kwenye elektrodi za mbele ya kifua. Yote haya yanatokana na moyo kugeuka na kusogea mbali na mahali elektrodi zilipobandikwa. Kuna walioambiwa kwa ECG hiyo kwamba waliwahi kupata mshtuko wa moyo bila kujua.

Eksirei ya kifua inaonyesha nini?

Kwa kipimo rahisi namna hii, inaonyesha mengi. Moyo umesogea kushoto kiasi kwamba ukingo wake wa kulia umejificha ndani ya kivuli cha uti wa mgongo, ilhali bomba la hewa limebaki katikati. Jambo hili la pili ndilo la kushikilia. Kama moyo umevutwa na pafu lililosinyaa, au umesukumwa na kitu kutoka kulia, bomba la hewa kwa kawaida lingefuata. Hapa moyo umekwenda peke yake.

Ukingo wa kushoto huwa mrefu na ulionyooka, na ateri ya mapafu hutokeza wazi. Wataalamu wa radiolojia wameufananisha mchoro huo na Snoopy, mbwa wa katuni, akiwa amelala chali. Ukishaambiwa unamwona, kabla ya kuambiwa humwoni ng'o. Alama nyingine ni ulimi wa pafu, ambao ni mweusi kwenye picha, ulioingia kati ya aorta (ateri kuu itokayo moyoni) na ateri ya mapafu, au kati ya kiwambo (msuli unaotenga kifua na tumbo) na upande wa chini wa moyo. Mahali hapo mfuko ungekuwepo, pafu lisingepata njia.

Pengo dogo, lile la hatari, linaweza lisionyeshe lolote kati ya hayo. Wakati mwingine dalili pekee ni uvimbe mdogo kwenye ukingo wa kushoto pale kisikio cha auriko kilipochomoza, nao hudhaniwa kuwa tezi au saratani.

Eko (kipimo cha moyo kwa mawimbi ya sauti) ilisema ventrikali ya kulia imepanuka, CT ikasema mfuko haupo. Nimwamini nani?

Kuna uwezekano mkubwa kwamba vipimo vyote viwili viliona kitu kilekile, ila eko ilikisoma vibaya. Moyo ukigeuka kuelekea kushoto na nyuma, ventrikali ya kulia huja mbele ya kifaa na kuonekana kubwa kuliko ilivyo. Ukuta unaotenganisha ventrikali nao huonekana ukienda kinyume kwa sababu moyo mzima unabembea kila pigo. Ventrikali ya kulia kubwa pamoja na ukuta unaokwenda kinyume ni picha ambayo kila mpimaji amefundishwa kuihusisha na tundu kati ya auriko, au shinikizo la juu kwenye mapafu.

Kinachomsaliti mfuko uliokosekana kwenye eko ni vitu vingine. Mpimaji analazimika kusogeza kifaa mbali sana kuelekea kwapani ndipo apate picha nzuri ya vyumba vinne. Moyo unaning'inia na kucheza kama pendulamu. Auriko zimerefuka na ventrikali zimekuwa za mviringo chini, umbo la tone la maji. Mgonjwa akigeuzwa kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, picha inabadilika kuliko inavyostahili.

Kama mpimaji wako alihangaika kupata picha, muombe aandike hivyo kwenye ripoti. Wengi huandika "picha hafifu" na kuendelea, na kidokezo kizuri kinapotea. Eko haiachwi lakini, kwani ndiyo njia nyepesi ya kutafuta matundu ya moyo na kasoro za vali zinazoweza kuandamana na hali hii.

CT au MRI, ipi bora?

Kwa kuthibitisha, moja ya hizi mbili lazima. MRI ya moyo ina mambo mawili ya ziada: haina mionzi, na inaonyesha moyo ukiwa kwenye mwendo, hivyo unauona ukibembea na unaona kama kuna sehemu inayominywa kila pigo. CT ni ya haraka, inaonyesha ateri za moyo kwa undani, na inamfaa asiyeweza kulala ndani ya mashine ya MRI. Kwa mwenye maumivu ya kifua ambaye inahofiwa ateri yake inabanwa na ukingo wa pengo, naona CT ya ateri za moyo ianze. Kwa kijana asiye na haraka, MRI. Vyovyote iwavyo, picha zioanishwe na mapigo ya moyo kupitia ECG. CT ya kawaida ya kifua ina ukungu wa mwendo unaoweza kuufuta utando mwembamba kama huu.

Kama CT haioni mfuko, si ndiyo haupo?

Laiti ingekuwa rahisi hivyo. Mfuko wenye afya una unene wa karibu milimita 2 au chini ya hapo. Kwenye picha huonekana kama uzi mwembamba kwa sababu kuna mafuta ndani na nje yake yanayoutofautisha. Mbele ya ventrikali ya kulia mafuta ni ya kutosha, uzi unaonekana. Pembeni na nyuma ya ventrikali ya kushoto mafuta ni haba, na uzi hupotea hata kwa watu ambao mfuko wao ni mzima. Bahati mbaya, huko ndiko hasa kasoro hii inakokaa.

Kwa hiyo msomaji mzuri wa picha hatafuti uzi tu. Anaangalia tabia ya viungo jirani. Je, pafu limeingia kati ya aorta na ateri ya mapafu? Sehemu hiyo kwa kawaida imezibwa na mkunjo wa mfuko, na pafu kuwepo pale ni ushahidi wenye nguvu kuliko uzi usioonekana. Je, pafu limepenya kati ya moyo na kiwambo? Je, mhimili wa moyo umeelekea kushoto na nyuma kupita kawaida? Je, ncha inasogea sana kati ya pigo na pigo? Alama hizi zikikutana, jibu linasimama. Zikikosekana zote, sentensi ya "mfuko hauonekani upande wa kushoto" haina uzito wowote, na mtu asipewe ugonjwa kwa ajili yake.

Pengo dogo huwa na mtihani wake. Moyo haujahama, pafu halijaingia popote. Kinachotafutwa ni kisikio cha auriko kilichotokeza nje ya mstari wake, au mkato kwenye misuli ya ventrikali, kama kiuno kilichofungwa mshipi.

Kabla ya mashine hizi waligunduaje?

Kwa karne nyingi, mezani baada ya kifo. Mwanaanatomia wa Italia, Realdo Colombo, aliieleza hali hii mwaka 1559, na Matthew Baillie wa London akaiandikia tena mwaka 1793. Baadaye wapasuaji waliikuta kwa bahati walipofungua kifua kwa sababu nyingine. Mwaka 1959 ndipo ilipoanza kutambuliwa kwa mgonjwa aliye hai kwa kutumia eksirei.

Kulikuwa pia na mbinu ya kuthubutu: kuingiza hewa kidogo kwa makusudi kwenye nafasi ya pafu la kushoto, kumgeuza mgonjwa, kisha kupiga picha kuona kama hewa imehamia kuzunguka moyo. Kama ilihamia, ukuta kati ya nafasi mbili haukuwepo. Leo hakuna sababu ya kufanya hivyo, lakini kanuni yake bado inatufaa. Mtu ambaye pafu lake la kushoto limetoboka na hewa ikaonekana hadi kuzunguka moyo anapaswa kufikiriwa kuwa na pengo kwenye mfuko.

Magonjwa gani huchanganywa na hali hii?

Tundu kati ya auriko linaongoza, kwa sababu zilizoelezwa kwenye eko, na tatizo ni kwamba mtu anaweza kuwa navyo vyote viwili. Kisha kuna shinikizo la juu la mapafu, kusinyaa kwa vali ya ateri ya mapafu, ugonjwa wa kurithi wa misuli ya ventrikali ya kulia, na uvimbe wa katikati ya kifua. Usisahau pia kuuliza kuhusu upasuaji wa zamani: aliyewahi kufunguliwa moyo anaweza kuwa mfuko wake uliachwa wazi, na hapo hakuna kasoro ya kuzaliwa.

Nikithibitishwa, kuna kingine cha kutafuta?

Ndiyo. Karibu asilimia 30 wana kasoro nyingine ya kuzaliwa: tundu kati ya auriko, mfereji wa ateri ambao haukufunga baada ya kuzaliwa, vali ya aorta yenye vipande viwili badala ya vitatu, tetralojia ya Fallot (mkusanyiko wa kasoro nne za moyo), au kasoro za mapafu na kiwambo. Kwa mtoto mchanga mwenye pengo kwenye ukuta wa tumbo la juu, kiwambo na mfupa wa kidari, mfuko uliokosekana ni sehemu ya mkusanyiko uliopewa jina la Cantrell tangu mwaka 1958.

Je, kifuko cha maji kwenye mfuko wa moyo ni ugonjwa huohuo?

Ni jamaa, ila si huo. Kifuko hicho ni uvimbe wenye ukuta mwembamba uliojaa majimaji maangavu, mara nyingi kwenye pembe ya kulia kati ya moyo na kiwambo, na wengi hukaa nacho bila kujua. CT inakiona kikiwa na uzito wa maji, MRI inakiona kikiwaka. Kuna pia kichomozo, ambacho hufanana nacho ila kina mlango unaofunguka kwenye nafasi ya mfuko. Hicho hubadilika ukubwa mtu anapogeuka au kuvuta pumzi. Tofauti hiyo ya mkao mara nyingi inatosha kuvitenganisha.

Lazima nifanyiwe upasuaji?

Upande mzima ukikosekana na huna dalili, hapana. Unaelezwa, unaandikiwa kwenye faili, unaendelea na maisha. Wachache wenye upande mzima uliokosekana huja kupata vali inayovuja kati ya auriko na ventrikali ya kulia baada ya miaka mingi, hivyo eko ya mara kwa mara si anasa.

Pengo dogo lenye kitu kilichonaswa, au lenye dalili na ukingo unaobana, ndilo linalopelekwa kwa mpasuaji. Anaweza kuliziba kwa kiraka, kukiondoa kisikio cha auriko, au kufanya kinyume kabisa: kulipanua pengo hadi lisiwe na ukingo wa kunasa chochote. Wagonjwa hushangaa kusikia hilo la mwisho. Aliyeelewa tofauti kati ya tundu na uwazi hatashangaa.

Maumivu makali ya ghafla, kuzimia, au pumzi kukata ni mambo ya kwenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama uliambiwa hali yako ni ya heri.

Nimwambie nani baada ya hapo?

Kila atakayewahi kukugusa kifua. Moyo uliohamia kushoto unakaa mahali ambapo daktari wa dharura anaweza kutaka kupitisha mrija wa kutoa hewa au maji kifuani. Anayekupima eko anahitaji kujua aanzie kwapani. Na weka nakala ya ECG yako ya siku njema kwenye simu, ili atakayekupima usiku wa manane alinganishe kabla hajakuambia umepata mshtuko wa moyo.